Shampuu Imekukataa? Tafuta Chanzo Kabla ya Kununua Nyingine

"Shampuu hii imenikataa." Kauli hiyo husikika saluni kila siku, na wengi huitatua kwa kununua chupa nyingine. Kabla hujafungua pochi, kagua vitu viwili ambavyo havimo ndani ya chupa: maji unayooshea na vitu unavyopaka ukishaosha. Shampuu hukaa kichwani dakika mbili tatu, kisha inaondoka na maji. Mafuta ya mgando hukaa mpaka utakapoosha tena, na madini ya kisima huongezeka kila ukijimwagia. Shampuu hubebeshwa lawama nyingi zisizo zake.

Zilizo zake nazo zipo, na tutazifikia. Nimemfikiria zaidi mtu wa pwani, awe Dar, Tanga, Mombasa au Unguja, kwa kuwa joto na jasho ndivyo vinavyowasukuma watu kutafuta shampuu nyepesi. Wa bara na walioko ughaibuni watajikuta humo pia.

Maswali mawili ya kuiuliza chupa

Unene wa shampuu usikudanganye. Shampuu nyingi za bei ya kawaida huneneshwa kiwandani kwa chumvi ile ile ya mezani, kwa hiyo ya majimaji na ya kuvutika zinaweza kuwa kitu kimoja. Uliza hivi: inaondoa mafuta kiasi gani, na inaacha nini nyuma?

Swali la kwanza hujibiwa na sabuni iliyomo. SLS (sodium lauryl sulfate) ndiyo kali, SLES (sodium laureth sulfate) ni pole kidogo kuliko hiyo, na betaini na glukosidi ni pole zaidi. Maandishi ya "imetokana na nazi" yapite tu, maana hata SLS hutengenezwa kwa mafuta ya nazi au ya kokwa za michikichi. Swali la pili hujibiwa na vilainishi: dimethikoni na ndugu zake ambao majina yao huishia na herufi c-o-n-e, polikwaterniamu yenye namba yake, na gamu ya guari. Hivi vimewekwa makusudi vishike kwenye unywele.

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea. Shampuu inaweza kuwa pole lakini nzito, kama zile za krimu zinazojiita mbili kwa moja. Inaweza pia kuwa nyepesi lakini kali: haiachi kitu, ila inakwangua kila kitu. Mwenye nywele kavu akienda dukani kuomba "nyepesi", mara nyingi hupewa hiyo ya pili, na baada ya muda nywele zinakuwa kama nyuzi za makumbi. Anachohitaji ni pole na nyepesi kwa pamoja.

Viambato huandikwa kuanzia kilicho kingi kushuka chini, mpaka vinapofika chini ya asilimia 1, ambapo mtengenezaji anaruhusiwa kuvipanga atakavyo. Ukiona mbele ya chupa kuna picha ya parachichi, halafu nyuma parachichi limeandikwa baada ya manukato, ujue umenunua picha.

Nywele zinalala na kunata siku moja baada ya kuosha

Gusa mashina, kisha gusa ncha. Kama mashina yananata na ncha ni kavu, hayo ni mafuta ya ngozi na jasho, au umepaka kondishena hadi kwenye ngozi. Kama zinanata kuanzia juu hadi chini, ni mabaki. Chukua unywele mmoja ulioanguka, ubane kati ya kucha mbili na uuvute taratibu. Ukiona nta ya kijivu imejikusanya kwenye kucha, hilo ndilo jibu lako.

Wenye nywele za singa au za mawimbi ndio wanaolalamikia jambo hili zaidi, kwa sababu mafuta ya ngozi hushuka kwenye unywele ulionyooka bila kizuizi. Pwani, ambako mtu anatoka jasho tangu saa mbili asubuhi, kuosha kila siku au siku moja baada ya nyingine si kosa, mradi shampuu ni pole na haina dimethikoni wala polikwaterniamu kwenye viambato vyake vya mwanzo. Kondishena iishie kwenye nusu ya chini ya nywele.

Mwenye nywele za kipilipili hasemi zimelala. Husema zimekuwa nzito, hazinywi maji, kila anachopaka kinakaa juu. Mafuta ya ngozi hayasafiri kwenye unywele uliojikunja, kwa hiyo akikuta unato urefuni, umetoka kwenye kopo: jeli, mafuta ya mgando, nta ya kushikia kingo. Aoshe mara moja kwa shampuu kali ya kusafisha kwa kina, apake kondishena, kisha arudi kwenye shampuu yake ya upole. Ile kali mara moja kwa mwezi inatosha. Kuifanya ya kila wiki ni kujitafutia tatizo la ukavu.

Povu halitoki

Kama ni mkupuo wa kwanza, hilo ni la kawaida. Mafuta huua povu. Suuza, tia tena kidogo, na mkupuo wa pili utatoa povu kwa nusu ya kiasi ulichotumia mwanzo. Shampuu za upole nazo hutoa povu dogo kwa asili yake, na zinasafisha vizuri tu. Povu likigoma hata mkupuo wa pili, na ni shampuu iliyokuwa ikitoa povu vizuri kabla hujahama mtaa, tatizo liko kwenye maji.

Nywele ngumu, zina ukungu mweupe, na hazing'ai hata zikisafishwa

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndilo tatizo linalosahaulika kuliko yote.

Dar es Salaam maji ya bomba hutoka zaidi Mto Ruvu, lakini nyumba nyingi huishi kwa kisima kirefu au boza, na visima vya karibu na bahari vingi vina chumvi. Unguja maji ya ardhini hupita kwenye miamba ya matumbawe na kubeba kalisi nyingi, yaani madini yanayofanya maji kuwa magumu. Mombasa bomba lina maji ya chemchemi za Mzima, lakini mitaa mingi inategemea visima. Ukihama mtaa, maji yamebadilika, na nywele zako zitakwambia kabla ya ulimi.

Pima hivi. Chukua chupa safi ya plastiki, tia maji hadi nusu, kwangulia ndani vipande vidogo vya sabuni ya mche, funga na utikise kwa nguvu. Povu likijaa juu na maji ya chini yakabaki karibu safi, maji yako ni laini. Povu likiwa haba na maji yakageuka maziwa yenye chembechembe zinazoelea, ni maji magumu. Usitumie shampuu wala sabuni ya maji kwa kipimo hiki, maana hazigandi hivyo na zitakuficha ukweli. Shahidi mwingine ni birika: ukiona gamba jeupe chini yake, kalisi hiyo hiyo inakaa kichwani mwako.

Kuna maji magumu na kuna maji ya chumvi, na hayatibiwi kwa njia moja. Maji yanayoacha gamba kwenye birika hupungua ugumu yakichemshwa, yakaachwa yatulie, kisha ukamimina ya juu. Maji ya chumvi hata uyachemshe mchana kutwa, chumvi haiondoki, itazidi kukolea.

Kwa maji magumu, tafuta shampuu yenye EDTA kwenye viambato. Hiyo hushika kalisi na kuondoka nayo. Acha kuoshea kichwa sabuni halisi ya kipande, iwe ya mche, nyeusi ya Afrika Magharibi au ya mwani ya Unguja. Ni sabuni nzuri kwa kazi zake, lakini zikikutana na kalisi hutengeneza ule utando mweupe unaong'ang'ania unywele. Isitoshe, sabuni hizo zina pH (kipimo cha asidi na alkali) ya 9 hadi 10, wakati ngozi ya kichwa iko karibu na 5.5, na gamba la unywele hufunguka likikutana na ukali huo.

Suuzo la mwisho ndilo linaloamua. Wakati wa masika na vuli, kinga ndoo ya maji ya mvua (acha mvua ya kwanza isafishe bati) na uitumie kumalizia tu; lita mbili tatu zinatosha. Kama mvua hakuna, kijiko kimoja au viwili vya chakula vya siki katika lita moja ya maji, mimina, acha dakika moja, suuza. Kuhusu kukamulia limau au ndimu moja kwa moja kichwani na kwenda juani, achana nayo. Juisi ya ndimu kwenye ngozi ikipigwa na jua inaunguza na kuacha alama nyeusi.

Walioko London wana maji magumu ya miamba ya chokaa na mbinu hizi zinawahusu. Aliyehamia Glasgow anaoga maji laini ya Loch Katrine. Yeye apunguze kiasi cha shampuu, kwa sababu povu litamfurika na kusuuza kutamchosha.

Nywele kavu, zinakwaruza

Jiulize maswali kwa mpangilio huu. Unaosha mara ngapi? Kipilipili kwa wastani hutosheka na mara moja kwa wiki, hata pwani. Katikati ya wiki, jasho lisuuzwe kwa maji matupu. Unaosha na maji ya moto kiasi gani? Njombe na Mbeya mwezi wa Juni na Julai watu huoga maji yanayofuka mvuke, na maji hayo huondoa mafuta ya nywele zaidi ya maji ya vuguvugu. Yawe vuguvugu. SLS iko kwenye viambato vitatu vya mwanzo? Basi badilisha.

Ukavu wa Dodoma wakati wa kiangazi, au wa nyumba ya Ulaya yenye hita inayowaka mchana na usiku, unatoka hewani. Hapo shampuu nyepesi kabisa haikufai peke yake. Chukua ya upole na ukubali vilainishi kidogo.

Kabla ya kuosha, paka mafuta ya nazi usiku au saa chache kabla. Bibi zetu walikuwa sahihi kwa hili. Utafiti wa Rele na Mohile wa mwaka 2003 ulilinganisha mafuta ya nazi, ya alizeti na ya madini, na ni ya nazi peke yake yaliyopunguza protini inayopotea kwenye unywele. Sababu ni kwamba huingia ndani ya unywele, wakati hayo mengine hukaa juu. Lakini ni kwenye nywele, si kwenye ngozi, na sababu yake inakuja hapo chini.

Ukinyoosha asubuhi, mchana zimevimba

Hili shampuu hailiwezi. Unywele hunywa mvuke wa hewa, na ule mpangilio ulioupata kwa draya au pasi hushikiliwa na vifungo dhaifu vya ndani ya unywele vinavyovunjwa na maji. Mwezi wa Aprili pale Kariakoo hewa imejaa maji, basi nywele zinarudi zilikotoka. Chupa zinazoahidi kuzuia unyevu zinategemea dimethikoni kuufunika unywele, yaani unarudishiwa uzito uliokuwa unaukimbia. Chagua unalotaka. Mimi ningebaki na shampuu nyepesi, nikapaka kondishena ya kuacha kwenye ncha tu, na siku za masika nikasuka.

Kichwa kinawasha, kinadondosha unga

Tenganisha mambo manne, kwa sababu kila moja lina tiba yake.

Unga mkavu, mdogo, unaodondoka wenyewe, na ngozi inavuta baada ya kuosha: huo ni ukavu. Rudi kwenye kipengele cha nywele kavu.

Magamba yenye mafuta, rangi ya manjano au nyeupe, yanayoshika kwenye mashina, pengine hadi kwenye nyusi na pembeni mwa pua: hiyo ni mba. Inachochewa na fangasi wa Malassezia ambao huishi kwenye ngozi ya kila mtu na hula mafuta. Sasa unaona kwa nini kupaka mafuta kwenye ngozi ili "kulainisha mba" ni kuwaandalia chakula. Famasi huuza shampuu ya ketokonazoli asilimia 2. Ipake kwenye ngozi, iache dakika 3 hadi 5, suuza. Mara mbili kwa wiki, kwa wiki 2 hadi 4, kisha mara moja kila wiki au wiki mbili ili isirudi. Wengi huipaka na kuisuuza hapo hapo, halafu wanasema haifanyi kazi. Inakausha urefu wa nywele, hivyo kwa kipilipili paka kondishena urefuni kwanza ndipo uitie dawa kwenye ngozi. Zinki pirithioni nayo inasaidia, ila aliye nchi za Umoja wa Ulaya hataipata dukani: imepigwa marufuku kwenye vipodozi huko tangu Machi 2022.

Kuwasha kulikohama, kukashika shingoni, nyuma ya masikio na kwenye paji la uso, pale povu linapotiririka: ngozi imekataa kiambato fulani. Washukiwa wakuu ni manukato na kihifadhi kiitwacho methiliisothiazolinoni. Hapa ndipo kweli shampuu imekukataa. Iache, tumia isiyo na harufu, na kama vipele vinachuruzika maji nenda hospitali.

La nne ni mapunye. Mtoto wa shule ana mabaka ya mviringo, nywele zimekatikia pale pale kwenye ngozi, kuna magamba. Hakuna shampuu inayoponya mapunye, iwe nyepesi au nzito, kwa kuwa fangasi wake wako ndani ya unywele. Anahitaji vidonge kama griseofulvini kutoka kwa daktari, kwa wiki kadhaa. Shampuu ya ketokonazoli itapunguza tu kuwaambukiza wenzake. Vichana na kofia kila mmoja awe na vyake, na mashine ya kinyozi isafishwe kwa dawa.

Nywele zimesukwa

Ukiwa na rasta, twende kilioni au wivingi, shampuu yoyote ya krimu ni adui, kwani huwezi kuisuuza ikaisha. Chukua nyepesi na pole, changanya sehemu moja na maji sehemu nne au tano kwenye chupa yenye mdomo mwembamba, pitisha kwenye mistari, bonyeza kwa ncha za vidole, suuza sana. Mchanganyiko uishe siku hiyo hiyo. Ukiongeza maji unapunguza nguvu ya kihifadhi, na chupa iliyokaa wiki kwenye joto la Dar inaota bakteria.

Kausha mpaka ndani. Harufu ya uvundo kwenye misuko huja kwa mtu aliyeosha usiku na kulala kichwa kikiwa kibichi.

Unapofumua, utaona pale rasta ilipoanzia kuna pete ndogo ya kijivu: vumbi, mafuta na nywele zilizong'oka zimeshikana. Usiipeleke kwenye maji hivyo. Ikilowa inakaza kuwa fundo ambalo msusi atalikata kwa mkasi. Tia kondishena au mafuta kidogo kwenye kila pete, ifumue kwa vidole, pitisha chanuo la meno mapana, ndipo uoshe.

Zinakatika

Zikikatika katikati, na una dawa ya kunyoosha, uliza kama dawa ilitolewa yote. Dawa hizo ni alkali kali sana, na shampuu ya kawaida haitoshi; inatakiwa ile ya kusawazisha, ambayo nyingi povu lake hugeuka rangi ya waridi likikuta dawa iliyobaki. Mwambie msusi aoshe hadi povu liwe jeupe, na uangalie mwenyewe kwenye kioo. Zikitoka kingoni, kwenye paji na juu ya masikio, chanzo ni msuko uliovutwa. Legeza.

Kabla ya kuitupa chupa

Angalia kama ni yenyewe. Chupa tupu za bidhaa zinazojulikana hujazwa upya na kuuzwa, na dumu la lita tano la saluni linaweza kuwa limeongezwa maji. Tazama namba ya toleo, tarehe ya mwisho wa matumizi, na kama kifuniko kilikuwa na muhuri. Kwa Tanzania Bara, vipodozi vinasimamiwa na TBS (Shirika la Viwango Tanzania) tangu mwaka 2019. Kenya tafuta alama ya KEBS, shirika la viwango la huko.

Ukiwa bado huna uhakika, nunua pakiti ndogo ya shampuu mpya, gawa kichwa katikati, osha upande mmoja kwa mpya na mwingine kwa ya zamani, kwa maji yale yale na mafuta yale yale. Rudia kwa muosho wa mara tatu au nne bila kubadilisha pande. Pande zote mbili zikiwa na tatizo sawa, rudisha macho kwenye ndoo ya maji na kopo la mafuta.